Msiivunje Mizani

Mji wetu wa Kitengela, ambao hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliukuta na wakazi 154,436, na ambao wazee wangali wanaukumbuka ulipokuwa maduka machache kando ya barabara iendayo Namanga, nyumbu wakipita nyuma yake kutoka mbuga ya Nairobi kwenda nyanda za Kapiti, una desturi mpya ya kumnyamazisha mtu pasipo kumjibu. Mzazi akisimama katika mkutano wa shule akataka matokeo ya mtihani yasomwe hadharani, huambiwa kuwa yeye ni mhafidhina; kijana akinyanyuka kitini mkahawani kwa sababu wimbo wa taifa unapigwa kabla ya mechi, huambiwa kuwa amepitwa na wakati; na mtu mzima akisema kwamba Bunge, hata likiwa limejaa wasiostahili kuingia humo, ni nyumba inayopasa kuheshimiwa, watu hutazamana kana kwamba ametamka jambo la aibu. Uhafidhina umegeuzwa kuwa tusi, na wanaolitumia tusi hilo hawaoni haja ya kuleta hoja baada yake.

Mimi nalipenda neno hilo, na nitalitetea kabla sijayatetea mambo yenyewe. Nimezaliwa pwani na kulelewa chuoni, na kwetu mtu aliyeibeba Kurani yote moyoni huitwa hafidhi, naye hutukuzwa kwa sababu amejifanya chombo cha kitu ambacho hakukitunga na ambacho hana ruhusa ya kukibadili hata nukta. Nilipohamia Kajiado, zamani sasa, nilikuta mzizi uleule ukifanya kazi nyingine: hapa husemwa hifadhi, na akilini huja Amboseli, na kinamasi cha Enkongo Narok kisichokauka hata kiangazi kikiwa kikali namna gani, na njia za ndovu zipitazo Kimana. Tena sijapata kumsikia Mmaasai hata mmoja akidai kwamba ni ushamba kuyatunza yale malisho ambayo wazee hukataza yasiguswe wakati wa masika, ili ndama na wanyama dhaifu wapate pa kulishwa mvua ikikatika. Anayeyatunza hufanya hivyo kwa kuwa ameona viangazi vingi kuliko anayemcheka.

Rai ninayoipinga ina nguvu, na sitaki kuidunisha. Inasema kwamba Kenya ni nchi ya wachache walioshiba. Kwamba bendera yao, mitihani yao na mabunge yao ni zana za kuwafanya wasionacho wavumilie njaa kwa adabu. Kwa hiyo mwenye miguu ya mbio na aiuze kwa taifa litakalompa bei nzuri, mtoto asipimwe kwa kipimo kimoja na mwenziwe, na taasisi za zamani zitikiswe hata zianguke, maadamu hazikujengwa kwa ajili yetu. Nakiri kwamba mwanzo wa rai hii ni kweli tupu. Walioshiba wapo, na nyumba zao naziona nikipita Isinya Road. Lakini mwisho wake haufuati mwanzo wake, kwa sababu kinachomwumiza mnyonge wa nchi hii ni uchache wa vipimo vinavyosimama juu ya watu wote sawasawa, na kila kimoja kinapoondolewa, aliyeshiba ndiye wa kwanza kuijaza nafasi yake.

Asiyeamini na aende Bissil siku ya soko. Nimekwenda huko mara nyingi pamoja na mfugaji mmoja ambaye nimeoana na jamaa zake, na ambaye kwa hiyo namwita shemeji. Ng'ombe hufika wamechoka kwa mwendo, wenyewe wakiwa wameegemea fimbo tangu alfajiri, vumbi likiwa limewapaka watu na wanyama rangi moja. Dalali huja na kijiti chembamba mkononi, akamzunguka dume mara moja, akamfinya nundu, akampitisha kiganja mgongoni, akamsukuma nyonga aone kama atayumba, kisha akageuka nusu, huku akitazama kwingine, akataja bei kana kwamba anatoa sadaka. Mzee hana cha kumjibu illa jicho lake, na jicho lake halina shahidi. Dalali ameona mamia ya ng'ombe wiki hiyo na anaijua bei ya jana ya Nairobi; mzee anawajua wake tu, na karo inadaiwa Jumatatu.

Siku moja shemeji yangu aliuliza mbona mnyama hapimwi kwa mizani. Dalali alimjibu kwa upole mwingi, akisema kwamba mizani ni chuma, haina utu. Haioni kizazi cha dume wala haijui utamu wa nyama yake. Kwamba mnyama hupaswa kutazamwa mzima mzima na mtu anayempenda mnyama. Yalikuwa maneno mazuri, nami karibu niyaamini, hata nilipoona bei. Ng'ombe huyohuyo akifikishwa Athi River, mwendo mfupi kutoka Kitengela, kwenye machinjio ya KMC yaliyoanzishwa mwaka 1950, hulipiwa kwa kilo za nyama iliyokwisha kuning'inizwa, na kilo haiulizi kama mwenye ng'ombe amekuja na shuka au na suti, wala kama anajua Kiingereza.

Tangu siku ile, kila nisomapo hoja dhidi ya mtihani wa taifa nasikia sauti ya dalali wa Bissil. Mtihani hauna utu, wasema, hauoni vipaji, mtoto atazamwe mzima mzima na watu wanaompenda. Mwaka 2014 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Jacob Kaimenyi, alipiga marufuku kuzipanga shule na watahiniwa kwa kufuata matokeo, na wengi walishangilia, wakiamini kwamba ushindani ndio mama wa wizi wa mitihani. Wizi haukukoma. Mitihani ya mwaka uliofuata ilivuja kiasi kwamba Machi 2016 bodi ya Baraza la Mitihani ilivunjwa, na Fred Matiang'i, aliyekuwa ameishika wizara, akasimamia kufungiwa kwa karatasi katika makontena ya chuma yenye walinzi. Matokeo ya kidato cha nne ya 2016 yalipotoka, waliopata A nchi nzima walikuwa 141, ilhali mwaka uliotangulia walikuwa wamepita 2,600. Nakikumbuka kilio cha Krismasi ile. Wazazi walisema watoto wao wameonewa, na hata tukikubali kwamba usahihishaji nao ulikuwa mkali, kuna swali ambalo halikuulizwa kwa sauti: zile A zilizoyeyuka zilikuwa za nani? Mtoto wa Mashuuru hakuwa na mzazi anayejua mlango wa kubisha usiku ili karatasi itolewe. Hakuwa na fedha za kuinunulia, wala simu ya kuipokelea. Aliyepoteza kitu siku ambayo mizani ilifungiwa kontena ni yule aliyekuwa amezoea kuweka kidole juu ya mizani.

Leo tuna mtaala mwingine, ulioanza mwaka 2017, na ndani yake mna mambo mema ambayo sina ugomvi nayo. Mtoto kujifunza kwa mikono yake ni jambo ambalo mafundi wa majahazi wa Lamu wangelikubali pasipo mjadala. Lakini tazameni jinsi alama inavyopatikana. Mtoto amalizapo gredi ya tisa, asilimia 60 ya daraja lake hutoka katika mtihani wa mwisho, 20 katika ule wa gredi ya sita, na 20 katika kazi za shuleni anazopimwa na walimu wake mwenyewe. Na wapo jirani zangu, watu wema na wasomi, wanaotaka hiyo 60 izidi kupunguzwa, kwa kuwa mtihani humtia mtoto hofu. Nawaomba waende Jumapili jioni kwenye maduka ya kuchapisha yaliyo karibu na stendi ya Kitengela. Watamkuta mama ameinama juu ya bega la kijana wa kompyuta, akimwelekeza atafute picha ya jani fulani, na iwe ya rangi. Watamkuta baba amekunja mikono ya shati lake la kazini, anakata kadibodi kwa wembe na kugundisha kibanda kitakachoitwa kesho kazi ya mwanawe. Mtoto mwenyewe amelala kwenye benchi. Siwacheki wazazi hawa, nimekaa kwenye benchi lilelile. Nauliza tu ni nani atakayemchapishia picha mtoto wa Mosiro, ambaye baba yake yuko na ng'ombe ng'ambo ya bonde, na ambaye kwao umeme haujafika. Katika chumba cha mtihani, mtoto yule na huyu hupewa karatasi moja, kalamu moja na dakika zilezile, na anayesahihisha haoni majina yao. Kila asilimia inayohamishwa kutoka chumba kile kwenda kwenye benchi la duka la kuchapisha huondolewa mikononi mwa Mosiro na kupewa Kitengela.

Wapinzani wangu wana hoja moja nzito kuliko zote, na hiyo yataka kujibiwa kwa unyenyekevu. Wanasema: waonaje insafu katika mtihani mmoja ikiwa njia za kuufikia si moja? Misimu mitano ya mvua ilishindwa kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, na mimi mwenyewe niliiona mizoga ya ng'ombe kando ya barabara kuanzia Isinya kwenda chini. Msichana aliyeukalia mtihani katika mwaka kama huo alikuwa amekwisha kuona mali yote ya nyumbani ikifa, alikuwa ametembea masafa kwa ajili ya maji, na labda alikuwa ametajiwa mchumba mwenye umri wa baba yake. Kisha amewekwa kwenye dawati kushindana na mtoto anayeletwa shuleni kwa basi la manjano. Nani asiyeona dhuluma hapo? Naiona. Lakini mizani ikionyesha kwamba ng'ombe amekonda, anayeivunja mizani hajamnenepesha ng'ombe. Amefanya tu kukonda kwake kusijulikane tena na yeyote anayeweza kuulizwa. Dhuluma iko njiani, katika maji, katika bweni, katika chakula cha saa saba, na katika mwalimu ambaye hafiki. Huko ndiko kwenye kazi.

Na kazi hiyo imewahi kufanywa hapa kwetu, tena na watu waliokuwa wahafidhina kuhusu daftari la alama kuliko mimi. Priscilla Nangurai, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya bweni ya wasichana ya AIC mjini Kajiado, aliwapokea mabinti waliokimbia tohara na ndoa za utotoni, akawapa kitanda, akasimama baina yao na jamaa waliokuja kuwadai langoni, kisha akawafundisha masomo yaleyale ya watoto wengine kwa mtihani uleule. Huruma yake aliiweka kwenye kitanda na sahani. Msichana aliyetoka pale na cheti alikuwa na kitu cha kumwonyesha baba ambacho baba hakuweza kukibisha, kwa sababu hakikuandikwa na mtu aliyempenda binti yake.

Lilinganisheni jambo hilo na lile la mwaka 2018, pale Wizara ya Elimu ilipotaka vijana wa kaunti kame na zilizoachwa nyuma waruhusiwe kuingia vyuo vya ualimu kwa alama ya D+, chini ya kiwango cha wenzao wa kaunti nyingine, na Tume ya Huduma za Walimu ikakataa. Ilisemwa kuwa Tume haina huruma. Nami nauliza mwalimu yule angepelekwa kufundisha wapi. Hangepelekwa Westlands. Angerudishwa kwao, akasimama mbele ya mtoto wa Mosiro, amfundishe hesabu ambayo yeye mwenyewe hakuielewa, na miaka kumi baadaye mtoto huyo naye angehitaji kushushiwa alama, na angeletwa mwalimu mwingine wa namna ileile. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 56, inawaahidi watu walioachwa nyuma nafasi maalumu katika elimu. Nimekisoma kifungu hicho mara nyingi. Bweni ni nafasi maalumu. Karo iliyolipwa ni nafasi maalumu. Mwalimu bora kuliko wa Nairobi, aliyelipwa zaidi ili akubali kuishi Mosiro, angekuwa nafasi maalumu kwelikweli. Mwalimu duni aliyevishwa jina la huruma hayumo katika kifungu hicho.

Kutoka mizani ya darasani kwenda saa ya uwanjani si mbali. Tarehe 9 Agosti 2012, mjini London, David Rudisha, Mmaasai wa Kilgoris, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, muda ambao hapana binadamu aliyewahi kuufikia kabla yake. Babake, Daniel, alikuwa na medali ya fedha ya mbio za kupokezana vijiti ya Mexico 1968, na jina hilo kubwa halikumpunguzia mwanawe hata sehemu moja ya sekunde. Ndiyo maana watu wanyonge wanaipenda riadha. Ni mojawapo ya mahali pachache katika nchi hii ambapo simu ya mkubwa haisaidii kitu baada ya bastola kulia.

Lakini hapa wapinzani wangu hunishika shati. Ikiwa stahili ndiyo kila kitu, wasema, mbona unataka na bendera? Mwanariadha ni mfanyakazi. Jasho ni lake. Akipewa zaidi Doha au Manama, ana haki ya kulipeleka huko. Stephen Cherono alifanya hivyo mwaka 2003, akaitwa Saif Saaeed Shaheen, akaipa Qatar dhahabu ya mbio za kuruka viunzi na maji huko Paris mbele ya Ezekiel Kemboi. Winfred Yavi, mzaliwa wa Makueni, kaunti tunayopakana nayo, aliipa Bahrain dhahabu ya mbio hizohizo katika Olimpiki za Paris 2024, Faith Cherotich wetu akapata shaba. Nilikuwa mkahawani jioni ile. Yavi alipovuka mstari watu walipiga makofi kwa mazoea, kisha bendera nyeupe na nyekundu ikapanda, ukapigwa wimbo ambao hapana aliyeujua. Mtu mmoja karibu nami, fundi wa kuchomelea mageti, akasema, “Huyu ni wetu.” Akanyamaza kidogo, akasema, “Alikuwa wetu.” Hakuna aliyemjibu.

Simlaumu Yavi, aliyeondoka akiwa binti mdogo, wala simwiti Cherono msaliti. Ninachokikataa ni ile falsafa inayosema kwamba fundi yule hakupoteza kitu. Alipoteza. Mtu asiye na hati ya shamba, asiye na hisa katika kampuni, ambaye kodi ya nyumba humla nusu ya mapato, ana vitu vichache anavyoweza kuviita vyangu pasipo mtu kumfukuza, na ushindi wa nchi yake ni kimojawapo. Tajiri ana pasipoti mbili, na watoto wake wamo Dubai na Toronto. Kwake taifa ni hoteli mojawapo. Wanaposema kuwa uzalendo ni ulevi wa wanyonge, wanamnyang'anya mnyonge urithi ambao wao hawauhitaji. Hata wimbo wetu wa taifa, muziki wake ulitwaliwa mwaka 1963 katika wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana wa kumbembeleza mtoto alale. Haukuletwa kutoka ikulu yoyote.

Na kama taifa limewakosea wanariadha wake, limewakosea sana, nami sitalificha. Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81 za mwaka 1978, na hakukimbia katika Olimpiki hata moja, kwa sababu Kenya ilisusia Montreal 1976 na Moscow 1980. Ule mgomo wa 1976 dhidi ya ubaguzi wa Afrika Kusini naona ulikuwa wa heshima, lakini gharama yake ililipwa na vijana ambao hawakuulizwa. Baada ya Rio 2016 tulisikia habari za sare na tikiti za wanariadha zilizotumiwa na wasiohusika, hata mwaka 2021 mahakama ikawatia hatiani baadhi ya wakubwa waliohusika na safari ile. Walioiba sare ya taifa na wanaofundisha kwamba sare ile ni kitambaa tu wanakubaliana juu ya jambo moja: kwamba haina thamani ya kulindwa. Mhafidhina ndiye pekee aliye na sababu ya kuwakasirikia wote wawili.

Nimefika kwenye siasa, ambako kalamu yapasa kwenda polepole, kwa kuwa mji wetu bado una majeraha. Tarehe 25 Juni 2024 vijana wa Kitengela, kama wa miji mingine, walishika barabara wakiupinga Muswada wa Fedha, na wengi wao walikuwa wamejifunga bendera mabegani. Wale waliokuwa wakiniambia kuwa bendera ni mali ya serikali walipaswa kuwapo. Siku hiyo serikali ndiyo iliyoiogopa. Mimi niliwaunga mkono kwa dhati katika madai yao, na sikupendezwa kabisa na kuvamiwa kwa Bunge na kuchomwa kwa sehemu yake siku ile, na nilipolisema hilo niliitwa kibaraka. Nasema tena: Bunge lile ni ploti pekee ambayo mchuuzi wa Kitengela na mwenye mashamba ya Naivasha wanaimiliki kwa hisa sawa, na anayechoma moto ploti yake kwa sababu mlinzi ni mwizi amemwachia mwizi ardhi tupu.

Kisha ukaja mwezi Agosti. Wanaharakati watatu wa Kitengela walikamatwa na watu wasiojitambulisha, wakapotea zaidi ya mwezi mmoja. Walikuwa vijana wa mabadiliko, na sidhani kama hata mmoja wao angekubali kuitwa mhafidhina. Lakini tazameni ni kitu gani kilichopigania uhai wao. Ilikuwa ile kanuni kongwe, kongwe kuliko Kenya yenyewe, kwamba aliyemkamata mtu sharti amlete mbele ya hakimu. Katiba yetu imeipa saa 24, na mawakili wakaenda Mahakama Kuu wakiwa na karatasi ya namna ambayo mawakili wamekuwa wakiiandika kwa karne nyingi. Jaji Lawrence Mugambi alimwita kaimu Inspekta Mkuu wa Polisi, Gilbert Masengeli, mara kwa mara, naye asifike. Tarehe 13 Septemba akamhukumu miezi 6 gerezani kwa kuidharau mahakama, akimpa siku saba za kufika kabla hukumu haijaanza kutekelezwa. Tarehe 20 vijana wale walikuwa huru. Sisemi kwamba hukumu peke yake ndiyo iliyowafungua, kwani watu walipiga kelele nchini na nje yake; nasema kwamba kelele zilikuwa na mahali pa kuegemea, na mahali penyewe palikuwa pa zamani. Mwenye nguvu huudhika kuliko wote na mambo ya zamani ya namna hiyo, ambayo hayajui cheo. Watu wa mabadiliko wa mji wangu, ambao nawapenda, wangefanya vyema kukumbuka walikuwa wameshika nini mikononi siku ile.

Litabaki shtaka moja, kwamba kuhifadhi ni kugandisha, na kwamba watu wa namna yangu wangependa Mmaasai aendelee kuua simba ili watalii wapate picha. Nitajibu kwa nilichokiona Kimana. Mwaka 2012, mwaka uleule wa London, shirika la Big Life pamoja na wazee walezi wa morani, wanaoitwa menye layiok, walianzisha huko chini ya Kilimanjaro mashindano ya morani, Rudisha akiwa mlezi wao, ili kijana aliyezoea kujipatia jina kwa kumwua simba ajipatie jina kwa njia nyingine. Simba aliondolewa katika jambo hilo. Ushindani, wimbo, hukumu ya wazee, ghera ya manyatta dhidi ya manyatta, vyote vikabaki. Hurushwa rungu na mkuki, hukimbiwa mita 200, 800 na 5,000, na hurukwa juu kwa namna ya kwao: kamba hufungwa baina ya miti miwili, na kijana hupaswa kuigusa kwa utosi akiruka wima kutoka aliposimama.

Nilikaa karibu na kamba hiyo. Kijana mmoja mwembamba, aliyepakwa rangi nyekundu shingoni, aliigusa kwa wepesi ilipokuwa chini, na manyatta yake ikapaza sauti. Ilipopandishwa akaikosa. Akarudia, nywele zikapita chini ya kamba kwa upana wa kidole. Wenzake walidai kwamba ameigusa. Mzee aliyesimama pembeni akatikisa kichwa, naye ni mzee wa upande wao. Kijana alimtazama mzee, akamtazama aliyeisimamia kamba, akajifunga tena shuka lake kiunoni na kurudi mstarini kwa wenzake, nao wakampokea kwa wimbo bila kuukatiza. Aliyefuata akaingia uwanjani, na mzee akaashiria kamba ipandishwe.